Murdoch Wawili wa Kilmory

Mimi sipendi watu wanaokuja kupiga picha, nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Kila Juni, siku moja kabla ya ibada ya wachimba makaa, nachukua ndoo, brashi na miche yangu ya maua, nateremka mpaka kwenye mnara wa waliokufa katika mgodi wa Kilmory, naanza kusugua. Halmashauri ina watu wake wa kazi hiyo, tena wanalipwa, lakini wao wanamwaga maji tu na kuondoka, na kinyesi cha shakwe kinabaki palepale juu ya majina ya watu. Nikishamaliza mimi, majina yanasomeka. Sasa mtu akinikuta nimepiga magoti pale, akaniambia mama sogea kidogo unaniharibia picha, mdomo wangu huwa haushikiki, hata kama asubuhi nimetoka kanisani.

Kwa hiyo nilipomwona yule mwanamke akishuka kwenye gari lenye namba za Ontario, nikajisemea, haya, wameanza. Alikuwa mdogo wa umbo, nywele nyeupe amezikata fupi, koti la mvua limemzidi ukubwa, na alikumbatia mkoba wa kitambaa kifuani kwa mikono miwili. Hakuwa na kamera. Alipita polepole mbele ya jiwe, kidole kikifuata majina, akafika katikati, akasimama. Akaweka kiganja chake kizima juu ya jina la baba yangu, akaanza kulia.

Nikamwacha alie kidogo. Watu hulia pale, si jambo geni. Lakini huyu mkono wake hakuutoa.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Hapo nimepaka sabuni kali. Itakuwasha."

"Haidhuru," akasema, bila kunitazama.

"Itakudhuru ikishaanza. Unamlilia nani hapo?"

"Baba yangu."

"Baba yako yupi?"

"Huyu hapa. Murdoch MacInnis."

Magoti yangu siku hizi hayainuki bila kubembelezwa, lakini siku hiyo yaliinuka yenyewe. "Dada, umekosea," nikasema. "Huyo ni baba yangu mimi. Murdoch MacInnis, alikufa kwenye mlipuko nikiwa na miaka tisa. Naliosha jina hilo tangu jiwe lisimamishwe."

Akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu, lakini kidevu kilikuwa juu. "Na mimi nimeendesha gari kutoka Windsor, Ontario, mpaka hapa kulifuata jina hilo. Baba yangu ni Murdoch MacInnis, na alikufa kwenye mlipuko huohuo. Sasa sijui wewe unaniambia nini."

"Nakuambia uondoe mkono."

"Siondoi."

Tukabaki tunatazamana, vizee wawili tunagombea jiwe. Angepita mtu anayenifahamu angenicheka mpaka Krismasi.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Murdena."

Hapo hasira ikanipungua. Jina hilo huliokoti Windsor, ni la huku kwetu Cape Breton. Baba yako Murdoch akifa kabla hujazaliwa na ukatoka msichana, basi unaitwa Murdena, upende usipende.

"Na baba yako walimwitaje?"

"Si nimeshakuambia?"

"Sikuulizi jina la ubatizo. Watu walimwitaje?"

Hakunielewa, na simlaumu. Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Kilmory peke yake ilikuwa na akina John MacInnis wa kujaza basi. Jina la ubatizo ni la padri na la ofisini, lakini mtu anajulikana kwa jina la utani, na redio ikitangaza kifo bila kulitaja, simu zinalia mji mzima, watu wanaulizana ni yupi huyo. Baba yangu alikuwa Murdoch Peremende, kwa sababu hakupanda kutoka shimoni hata siku moja bila peremende mfukoni, nyeusi kwa vumbi la makaa, na sisi tulizifyonza hivyohivyo. Mpaka leo mimi ni Effie wa Peremende. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mjane, na bado ni Effie wa Peremende.

"Mama alimwita Murdoch tu," akasema. "Ninachojua ni kwamba alitoka kisiwani, kile kisiwa kidogo hapo ng'ambo. Alikuja huku kutafuta kazi, akamwoa mama, na hawakumaliza hata mwaka."

"Kisiwani? Mama yako ni Cassie? Cassie mwenye nywele nyekundu?"

"Huyohuyo."

"Mungu wangu," nikasema. "Wewe ni mtoto wa Murdoch Bata."

"Murdoch nani?"

"Bata. Usinikasirikie mimi, hao wanaume wa shimoni ndio walimpa. Sisi watoto tulidhani ni kwa sababu ya kuogelea. Alikuwa anaogelea mpaka Oktoba, maji ya kuvunja mifupa."

Akanitazama, mdomo ukamcheza, halafu akacheka huku machozi bado yanamtoka. "Baba yangu Bata," akasema. "Maisha yangu yote nilidhani sina chochote chake, kumbe nilikuwa na bata."

Nikacheka naye. Mtu akishakuwa wa kwenu, ugomvi unakwisha wenyewe. Tena nilimkumbuka yule kijana, mrefu, akipita mlangoni kwetu kwenda zamu ya usiku, akipiga mluzi.

Kwa nini jina liwe moja na wafu wawili, hilo halikunipa taabu. Walioagiza jiwe walikaa ofisini Halifax. Waliona Murdoch MacInnis, na chini yake Murdoch MacInnis tena, wakadhani mpiga chapa kasinzia, wakafuta mmoja. Na hapa Kilmory kila aliyelisoma alimsoma Peremende, kwa kuwa jamaa za Bata walishahama na hapakuwa na wa kumsemea.

"Basi jina ni letu sote," Murdena akasema.

"Ni letu sote," nikajibu, ingawa roho iliniuma kidogo, sitadanganya. Sikuzoea kugawana.

Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa na chupa ya chai na mikate midogo ya shayiri, nikammiminia, akapokea kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukuuachia mkoba.

"Weka chini huo mkoba unywe chai, dada. Hapa hatuibiani."

"Siwezi kumweka chini," akasema. "Ni mama."

Akafungua zipu kidogo, nikaona kopo la kijivu la majivu, na skafu ya sufu imezungushwa.

"Alifariki mwezi wa pili," akasema. "Nimekaa naye sebuleni mpaka barabara zilipofunguka theluji. Siku ya mlipuko alikuwa ameshikwa na uchungu wa kunizaa, hakuweza kwenda kungoja kwenye geti la mgodi na wanawake wenzake. Jirani ndiye aliyekuja kumwambia kwamba wamemtoa Murdoch MacInnis, lakini siye wake. Halafu wakaufunga mgodi, wakauingizia maji ya bahari kuzima moto. Waliobaki ndani wamebaki."

"Nakumbuka."

"Alikwenda kwenye maziko ya baba yako, unajua? Amenifunika kwenye shali, mtoto wa siku chache. Padri alimkataza, akaenda. Alisema alikwenda kumpa pole mwenzake aliyebahatika."

"Aliyebahatika?"

"Ndivyo alivyosema mpaka anakufa. Yule mwenzangu alibahatika, ana pa kuweka maua, mimi wangu yuko kwenye maji. Baridi ikiingia, na Windsor baridi inaingia kweli, nilikuwa namkuta jikoni amekaa peke yake amevaa koti. Nikimwuliza, anasema Murdoch anasikia baridi huko aliko." Akafunga zipu. "Ndiyo maana nimemleta. Wanasema mgodi ulipita chini ya bahari, upande wa jabali. Nataka kesho kabla ya ibada nimmwage pale, alale naye. Utanionyesha njia?"

"Nitakupeleka mimi mwenyewe," nikasema, na nilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Akanishukuru. Akaweka kikombe pembeni, akainama. "Viatu hivi nilivinunua kwa ajili ya ibada," akasema, "vinaniua." Akavua kimoja, akavua na soksi, atazame lengelenge lake.

Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeshikana, ngozi moja, kutoka shinani mpaka karibu na kucha.

"Usishangae," akaniambia, kwa kuwa aliniona ninavyotazama. "Nimezaliwa hivyo, miguu yote miwili. Mama alikuwa akisema ni baba huyo, hakuwa na kingine cha kuniachia."

Chai ilinimwagikia kwenye sketi na sikuisikia.

Kwetu maiti hulala nyumbani kabla ya kuzikwa, chumba cha mbele, na watu wanakesha naye. Jeneza la baba lilikuja limepigiliwa misumari, na agizo kwamba lisifunguliwe kwa jinsi uso ulivyoungua. Mama akasema mume wake haendi kaburini bila soksi alizomfumia, akamwambia mjomba afungue upande wa miguu. Mimi ndiye niliyeshika soksi. Moto haukufika huko, buti zilikuwa zimekinga. Nikaona vidole viwili vimeshikana, nikauliza, mama, vidole vya baba vimefanya nini? Hakunijibu. Aliushika ule mguu, akakaa, akakaa, mpaka mjomba akauliza kama kuna tatizo. Ndipo akasema, ni moto, Effie, moto umeviunganisha, lete soksi. Akazivuta mpaka juu, akamwambia mjomba apigilie.

Nikaamini. Mtoto wa miaka tisa ataacha kumwamini mama yake? Na nilipokua sikurudi kulifikiria tena, kwa sababu nani anataka kufikiria miguu ya baba yake jenezani?

Sasa nilikaa kwenye benchi na kila kitu kikajipanga chenyewe, sikuweza kukizuia. Pale getini aliyeita majina alikuwa meneja, mtu wa kuja, asiyejua Peremende wala Bata. Alisoma lililokwaruzwa kwenye kibati cha chakula alichokutwa nacho marehemu: Murdoch MacInnis. Mtu wa kwetu angeuliza yupi. Mama hakuuliza. Nilikuwa nimeshika koti lake, nikamsikia akipiga kelele kwamba ni wangu huyo, ni wangu, na nani angembishia mwanamke katika hali ile? Huyo mwingine wa kuuliza alikuwa kitandani anazaa. Na wale wanaume waliomwita Bata, walimpa jina hilo bafuni mgodini, wakioga pamoja baada ya zamu. Walimwona miguu, vidole vimeshikana kama vya bata.

Mama alijua. Mke gani asiyeijua miguu ya mume wake? Alijua palepale, soksi mkononi, na baada ya siku mbili akasimama makaburini akapokea mkono wa Cassie na kupewa pole.

"Effie? Umekuwa mweupe," Murdena akasema. "Nikuitie mtu?"

"Hapana. Vaa kiatu chako, utapata baridi."

Nitasema nilichokiwaza, hata kama si kizuri. Nilitaka kunyamaza. Nilitaka nimpeleke jabalini, amwage majivu yake, aseme sala zake, arudi Windsor, na mimi nibaki na kaburi langu. Nani angejua? Lakini yule mama angemwagwa juu ya baba yangu mimi. Alimkosa mume wake akiwa hai, angemkosa na akiwa amekufa, na safari hii mkosaji ningekuwa mimi. Na kwa upande mwingine, nikisema, sina tena baba pale makaburini. Nina shimo lililojaa maji.

"Murdena," nikasema. "Usiende jabalini."

"Kwa nini? Wamepafunga?"

"Baba yako hayuko huko. Yuko makaburini, hapo juu, kanisani. Mama yangu alimzika."

Nikamweleza, soksi, vidole, yote. Sikumpambia kitu. Alinisikiliza kiatu kikiwa bado mkononi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipovua hicho."

"Na mama yako?"

"Mama alijua siku ileile."

Nilitegemea anizabe kofi, na ningelipokea. Akavaa soksi yake, akavaa kiatu, akafunga kamba taratibu. "Nipeleke," akasema.

Tulipanda kwa gari lake. Makaburini nilimwonyesha kwa mkono, sikutaka kumtangulia. Jiwe ni dogo, limeandikwa Murdoch MacInnis na mwaka, hakuna zaidi. Nikafikiria kwamba hata maandishi hayana cha kubadilisha, jina ni lilelile, na wazo hilo lilinikera.

Alisimama mbele yake, mkoba kifuani. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Mama alimshika mkono mama yako. Mahali hapa. Akamwambia umebahatika."

"Ndiyo."

"Na yeye akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Angeandika barua. Moja tu. Hata bila jina. Mama yangu alikaa jikoni na koti miaka yote ile, Effie."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," nikakubali. "Sina la kumtetea. Alikuwa na watoto wanne na mgodi umeshafungwa. Nadhani alitaka wanawe wawe na mahali. Lakini sina la kumtetea."

Akapangusa pua kwa mkono wa koti. Akatazama kushoto kwa lile kaburi, pale penye nyasi tupu, makaburi mengine yote yamebanana. "Mama yako mbona hayuko hapa?" akauliza. "Kwenu si mnazikwa mke na mume?"

Nikafungua mdomo kumjibu jibu nililozoea kuwapa watu, kwamba uzee ulikuwa umempanda mama kichwani, nikaliacha. Mama yuko kule kando ya ukuta wa makaburi, peke yake, upande wa bahari. Alipougua alituita wote akasema msinizike kwa Murdoch, nizikeni kando ya ukuta, na pale pembeni ya Murdoch paacheni wazi, asilale mtu yeyote. Akatuapisha. Mji ulisema sana. Walisema kumbe hawakupendana, kumbe mume alikuwa akimpiga. Mimi niligombana na watu kwa ajili yake, na nyumbani nikamwona mama ametuaibisha.

"Alipaacha," nikasema. Nikamwonyesha zile nyasi tupu. "Alipaacha kwa ajili ya mama yako. Hakuwa na ujasiri wa kusema, lakini alipaacha."

Murdena akapiga magoti. Aliweka mkoba kwenye zile nyasi, kwa mara ya kwanza tangu nimwone akauachia, na mikono yake ikabaki hewani haijui iende wapi. Kisha akaliinamia lile kaburi. "Baba," akasema. "Ni mimi. Ni Murdena. Nimekuja na mama."

Nikarudi nyuma, niwaachie. Padri atanung'unika kuhusu majivu, nikawaza, na mwache anung'unike, nitazungumza naye. Ndipo nikajiona nimesimama mahali ambapo husimama siku zote. Hapo nilikuja kusema nimefaulu mtihani. Nilikuja na gauni langu la harusi, nikainua pindo lisishike matope. Nilikuja nilipozaa na nilipofiwa na mume wangu, nikaeleza kila kitu, na yule kijana wa kisiwani akanisikiliza mambo yasiyomhusu. Baba yangu hakuwahi kusikia hata moja. Nimempelekea maua mtu mwingine maisha yangu yote, na yeye yuko kule chini na peremende zake mfukoni, hakuna aliyekwenda hata kumwita.

Kilio kilinijia kutoka tumboni. Sikuwa nimelia hivyo mazikoni, wala wakati wowote baadaye, na nikiwa mtu mzima nilidhani hilo limeshapita. Nilikaa chini kwenye nyasi.

Murdena alikuja akiwa na matope magotini, akanishika mabega. "Effie, dada, vipi? Unalia nini?"

"Baba yangu amekufa," nikamwambia.